Anayewafundisha, Nani Humkosoa?

Utende, Mafia

Wajukuu zangu wapendwa,

Walio upande wa bibi yenu nawaambia Tumsifu Yesu Kristo. Wa Moshi na wa Mbagala nawaambia Bwana Yesu asifiwe. Itikieni kila mmoja alivyofundishwa. Umri umenifikisha mahali ambapo mtu huacha kuahirisha maneno. Haya nayaandika nikiwa na akili timamu, na bibi yenu ni shahidi.

Nimesoma mliyoandikiana kwenye kundi la familia. Mmoja anaposa kwa Wakatoliki. Mwingine amehamia kanisa jipya Mbagala, na mchungaji wake amemwambia kwamba rozari ya bibi ni sanamu. Wa Moshi akajibu kwa Katekismu ya Luther, na mpaka usiku wa manane mkawa mnarushiana mistari ya Biblia. Mimi ni Mwanglikana wa Magila, Muheza, niliyeletwa Mafia na ualimu. Bibi yenu ni Mkatoliki wa Mahenge. Ubishi huo tulikwisha kuumaliza nyumbani humu kabla baba zenu hawajazaliwa. Basi nisikilizeni.

Kwanza, jueni mnachogombania. Mezani kwetu kuna Biblia mbili: ya bibi ina vitabu 73, yangu 66. Siku ya ndoa yetu lilisomwa somo la Tobiti. Wajomba zangu waliotoka Muheza wakapekua Biblia zao mwanzo hadi mwisho wakitafuta ukurasa, na mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba Wakatoliki wametunga kitabu. Hakujua kwamba Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo vilisomwa makanisani karne nyingi kabla ya Luther, wala kwamba Kanisa letu la Anglikana linaruhusu visomwe kwa mafunzo ya maisha, ila si kwa kuthibitisha imani. Wakatoliki nao wengi hawajui kwamba Mtakatifu Yeronimo, aliyeitafsiri Biblia kwa Kilatini, alivitilia shaka, na kwamba Mtaguso wa Trento ulivifunga katika orodha mwaka 1546, wiki chache baada ya Luther kufa.

Sasa jiulizeni: nani alisema vitabu vya Agano Jipya ni 27? Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotaja hesabu hiyo. Orodha hiyo kamili tunaikuta katika barua ya Pasaka ya Askofu Athanasi wa Aleksandria, Misri, mwaka 367. Kisha maaskofu wakaipitisha Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, miji yote miwili ikiwa Afrika ya kaskazini.

Hapo ndipo Mkatoliki anaposimama. Husema Kanisa lilikuwa likihubiri na kuumega mkate kabla Agano Jipya halijaandikwa. Mitume walikabidhi mafundisho kwa mdomo na kwa barua, kama Paulo alivyowakumbusha Wathesalonike. Kwa hiyo Maandiko na Mapokeo hutoka chemchemi moja, na wenye dhamana ya kuyafafanua ni maaskofu pamoja na Papa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulieleza hayo mwaka 1965, ukaongeza kwamba mamlaka hayo hayako juu ya Neno la Mungu bali hulitumikia. Na msiwasingizie kwamba wanaamini Papa hakosei kamwe. Fundisho la mwaka 1870 lina mipaka: ni pale anapotangaza rasmi, kwa Kanisa zima, jambo la imani au la maadili. Tangu hapo limetumika waziwazi mara moja tu, mwaka 1950, kuhusu Maria kupalizwa mbinguni.

Mprotestanti naye ana hoja. Huuliza: hao wenye dhamana wakipotoka, nani atawarudi? Mwaka 1517 watu walikuwa wakiuziwa rehema, na wauzaji walikuwa na baraka za wakubwa. Luther akapinga. Alipotakiwa mbele ya kaisari, mjini Worms mwaka 1521, avikane vitabu vyake, alijibu kwamba mapapa na mitaguso wamewahi kukosea na kupingana, na kwamba dhamiri yake imefungwa na Neno la Mungu. Mprotestanti hukumbusha pia jinsi Yesu alivyowakemea walioitangua amri ya Mungu kwa mapokeo ya wazee. Lakini Luther hakusema kila mtu ajifungie chumbani na Biblia yake afasiri anavyopenda. Walutheri wana kanuni za imani za kale, wana Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, wana katekismu, na kanisa lao hapa Tanzania, KKKT, lina maaskofu na vikao vyake. Kwao Maandiko ndiyo hakimu wa mwisho, lakini mashahidi wengine nao husikilizwa.

Kwa hiyo shikeni hili: hakuna anayesoma Maandiko bila mapokeo. Mjukuu wangu wa Mbagala, mchungaji wako akisema yeye hufuata Biblia tu, mwulize hizo chupa za mafuta ya upako zenye picha yake zimeandikwa kitabu gani, na nani alimwekea mikono. Mapokeo ya bibi yako yameandikwa. Mtu anaweza kuyasoma, kuyapima na kuyapinga. Ya kwako yamo kichwani mwa mtu mmoja.

Pili, msidhani kuwa na maaskofu kunamaliza ugomvi. Sisi wa Magila tulikuwa chini ya Askofu wa Zanzibar, na kuanzia mwaka 1908 askofu huyo alikuwa Frank Weston, mtu wa misa, ubani na maungamo. Juni 1913 wamisionari wa Kianglikana, Kipresbiteri, Kimethodisti na wengine walikutana Kikuyu, Kenya, wakapanga shirikisho la makanisa yao. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Komunyo ndani ya kanisa la Waskoti, na wasio Waanglikana wakashiriki. Weston akamshtaki Peel, pamoja na Askofu Willis wa Uganda, kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akitaka wahukumiwe kwa uzushi. Alishikilia kwamba bila maaskofu waliopokezana tangu mitume hakuna wa kuilinda imani. Wenzake wakasema Waafrika wasirithishwe mafarakano ya Ulaya. Jibu la Askofu Mkuu, mwaka 1915, likawa la katikati: halikuwaona wazushi, ila likashauri ibada ya namna ile isirudiwe. Mwaka huohuo Weston, mtetezi wa utii, akatangaza kukata ushirika na Askofu wa Hereford kule Uingereza.

Hata hivyo sitaki mumdharau. Mwaka 1920 aliandika kuishutumu serikali ya Kiingereza kwa kuwatumikisha Waafrika kazi za shokoa. Mhubiri asiye na mtu nyuma yake angenyamazishwa mapema. Mamlaka ya kanisa yana faida hiyo, kumwambia mkubwa wa dunia kwamba anakosea. Hasara yake ni kwamba wenye mamlaka ni watu, na watu hugombana.

Wala si Wakristo peke yao. Hapa Utende sisi tu wachache kati ya Waislamu, na nimewasikia jirani zangu barazani wakibishana juu ya maulidi. Huyu anasema ni bidaa, haimo katika Kurani wala Suna. Yule anasema masheikh waliomfundisha Kurani hiyohiyo ndio waliomfundisha maulidi. Adhana ilipolia ubishi ukakoma, wakaenda kuswali safu moja. Igeni hilo.

Tatu, mwogopeni asiyekosolewa, awe wa upande wowote. Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya kanisa. Kundi lile lilitoka kwa Wakatoliki. Viongozi wake walidai kutokewa na Bikira Maria, wakawapa kisogo maaskofu wao. Shakahola, Kilifi, Kenya, mwaka 2023, waliokufa walikuwa wafuasi wa Paul Mackenzie, mhubiri wa kanisa aliloanzisha mwenyewe. Inadaiwa waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu, na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa msituni. Yeye ameyakana mashtaka, na mahakama ndiyo yenye kuamua. Lakini ninyi angalieni mwanzo wa mambo: Kanungu walikuwa na maono, Shakahola walikuwa na Biblia, na kote kuwili mkubwa hakuwa na wa kumwuliza.

Sasa maagizo. Wewe unayeposa, nenda mapema kwa paroko wa mchumba wako na kwa mchungaji wako. Ndoa ya mseto huhitaji kibali cha askofu, na mchumba wako ataombwa kuahidi kufanya awezalo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Lizungumzeni kabla ya kuchapa kadi. Wewe wa Moshi, kumbuka kwamba Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki mjini Augsburg, tarehe 31 Oktoba 1999. Usipigane vita ambayo wakubwa wako wamekwisha kuipunguza makali. Wewe wa Mbagala, sikukatazi kuhama. Ila kamwombe bibi yako radhi kwa neno la sanamu, kisha umwombe akueleze mafumbo ya rozari moja baada ya jingine. Utakuta karibu yote yamo katika Injili unayoishika mkononi.

Wote mwe na Biblia nyumbani na mwe na watu wa kuisoma nao, wakiwemo wanaowazidi umri na wanaowazidi elimu. Mkiingia kanisa lolote, ulizeni mambo matatu: hesabu za fedha husomwa mbele ya nani, kiongozi akikosa hurudiwa na nani, na anayeuliza hutendewaje. Mkijibiwa vizuri, kaeni, hata kama si kanisa langu. Na yeyote atakayewaambia kwamba kumwuliza yeye ni kumwuliza Mungu, ondokeni siku hiyohiyo.

Babu yenu