Safari ya Pamir Hupimwa kwa Kimo

Anayekusudia kuizuru milima ya Pamir, nchini Tajikistan, akitazama ramani huvutwa na njia fupi: kutoka Osh, mji wa Kirgizia, hadi Murghab, mwendo wa gari wa siku moja. Lakini Osh iko kwenye kimo cha mita 1,000 hivi, na barabara hupanda Ak-Baital hadi mita 4,655. Apandaye hivyo kwa siku moja aweza kushikwa na ugonjwa wa mwinuko: kichwa humuuma, pumzi humpaa, na asiposhuka upesi aweza kufa. Mwenye busara huanzia Dushanbe, akalala Khorog, penye mita 2,100 hivi, kisha hupanda akipumzika njiani. Siku hizo za ziada aziweke katika bajeti kabla ya kuaga jamaa.