Siku Tatu za Mama Mkubwa

Baba alipofariki mwaka 1987 nilikuwa na miaka tisa, na ninachokikumbuka zaidi si jeneza wala kaburi. Nalikumbuka bega la mama mkubwa. Alikaa ubavuni mwa mama kwenye mkeka, chumbani kwetu Magomeni, kajitanda khanga mpaka usawa wa nyusi, na mama kamlalia begani. Kwa siku tatu sikumsikia akitoa hata neno moja la kufariji. Alikuwapo tu. Akinyanyuka kwenda kutawadha, mama alikuwa akimfuata kwa macho mpaka arudi.

Nje turubai lilifungwa kutoka kwenye paa letu hadi mwembe wa jirani. Wanaume walilala kwenye majamvi, wakaamka, wakanywa kahawa chungu, wakacheza bao. Masufuria makubwa yalikuja yenyewe, na kuni, na mchele, na wanawake wa kuupika. Hakuna aliyealikwa. Siku ya tatu ikasomwa hitima, tanga likaanuliwa, watu wakarudi makwao.

Sisemi kwamba zamani kila kitu kilikuwa sawa. Kaka yangu, aliyekuwa na miaka 14, alipoanza kulia mzee mmoja alimvuta mpaka uani akamwambia, “Wewe ndiye baba sasa. Jikaze.” Akajikaza. Sasa amevuka miaka 50, na bado amejikaza. Mzee yule hakuwa mtu mbaya. Alimpa mtoto kile alichopewa yeye. Lakini nikiambiwa wazee wetu walijua kufarijiana, huwa namkumbuka kaka amesimama karibu na pipa la maji, mdomo kaubana.

M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, rambirambi zikaanza kupita kwenye simu, nami nilifurahi kama wengine. Rafiki amefiwa Lindi, wewe uko Mwanza, dakika moja mchango umefika. Hela ile hununua sanda na kulipia gari, siidharau. Ila polepole nikaona “nimetuma” imechukua nafasi ya “nimefika”. Baadaye yakaja makundi ya WhatsApp: pole, pole sana, pole ndugu, mstari juu ya mstari, halafu mtu anauliza habari za mpira. Mimi nami niliandika pole nyingi za namna hiyo, nikiwa kwenye foleni, na nikaamini nimemaliza.

Mwaka 2016, mwezi uleule daraja la Kigamboni lilipofunguliwa, nikapunguzwa kazi. Nilikuwa na miaka 38 na watoto watatu. Mke wangu nilimwambia usiku uleule, lakini watoto nikawaficha. Kila asubuhi nilivaa shati la kazini, nikapanda daladala mpaka Kivukoni, nikakaa kutazama pantoni zikienda na kurudi mpaka jua lipungue. Wenzangu wawili walinitumia fedha, Mungu awalipe. Nikikutana na mtu akisema “pole”, nilijibu “nimeshapoa”, kama tulivyozoea. Hata kidogo sikuwa nimepoa. Usiku sikulala, chakula kilinishinda, na kuna siku niliitazama ile bahari kwa namna ambayo sikupenda kuifikiria baadaye.

Hapo ndipo nilipotambua kitu ambacho kwa miaka yote sikuwa nimekiona. Kifo tumekiwekea utaratibu: mkeka, turubai, siku tatu. Aliyefukuzwa kazi, aliyeachika, mwenye mtoto aliyezama kwenye ulevi, hao hatuwafungii turubai. Tunasema “ana mawazo”, tunapunguza sauti, tunapita mlangoni pao haraka. Neno la kitaalamu, sonona, lilikuwapo, lakini mtaani kwetu hakuna aliyelitumia. Mawazo yalibeba yote.

Mke wangu akampigia simu mama mkubwa. Akapanda basi kutoka Tanga, akafika na kikapu na furushi la mchele.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, baba. Nimekuja siku tatu.”

Hakuniuliza kitu. Kesho yake alipoona nimevaa shati, alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa mbele na ungo wake, miguu kainyoosha, na mimi nisingeweza kumruka mama yangu. Nikakaa. Akausogeza ungo, nusu kwenye magoti yake, nusu kwenye yangu. Tukachambua: mawe huku, chuya huku. Hatukutazamana, macho yote mchelini. Siku ile ilipita hivyo.

Siku ya pili, mchana, nikasema, “Mama, mimi sina kazi. Mwezi wa pili sasa.”

Vidole vyake havikusimama. “Najua. Siku ile walikuambiaje?”

Hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Watu waliniuliza nina mpango gani. Nikamsimulia yote: bahasha, saini, na yule mlinzi aliyekuwa akiniamkia kila asubuhi, jioni ile akaniomba nifungue begi alikague, na yeye mwenyewe akiona haya. Nilipofika kwa mlinzi nikashindwa kuendelea.

“Lia tu,” akasema. “Mchele upo.”

Kazi niliipata miezi minane baadaye, na si yeye aliyenitafutia. Lakini siku ya nne, baada ya kumsindikiza stendi, sikwenda Kivukoni. Nilirudi nyumbani nikawaeleza watoto.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe. Mgonjwa wake mmoja alijiua, na ikajulikana kwamba alikosa nauli ya basi ya kumfuata hospitali. Mwaka 2006, jijini Harare, akaanza kazi na bibi 14, akawafundisha kusikiliza watu wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Mwanzoni benchi lile liliitwa kwa jina la afya ya akili, na watu wakaliogopa. Bibi wenyewe ndio waliolibadilisha likawa benchi la urafiki. Nao Washona wana neno kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Mawazo, basi! Niliisoma habari ile mara mbili, nikitamani mama mkubwa angekuwa hai nimsomee. Tulimzika Tanga mwaka 2021, turubai lilikuwa kubwa, na nilikaa siku zote tatu.

Mwezi uliopita jirani yangu, dereva, alinyang'anywa gari na tajiri wake. Kwenye kundi la mtaa tulimchangia. Kisha nikafikiri niende, nikakwama kwenye jambo dogo: mchele wa siku hizi unatoka mashineni mweupe, hauna jiwe hata moja. Nitashika nini mkononi? Nikapita sokoni nikanunua kilo mbili za maharage ya kupimwa kutoka guniani, yenye vumbi na vijiti.

Juzi tulimaliza kilo ya kwanza bila maneno. Jana, tukiwa katikati ya kilo ya pili, akaniuliza bila kuinua uso, “Kaka, kesho utakuja?”

“Nitakuja. Kesho ndiyo ya tatu.”

Akaokota jiwe, akaliweka pembeni, akaanza kunieleza kuhusu gari.