Saraka: Mkate wa Bibi na Swali la Mtoto



Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 20 Oktoba 2024, simu yangu ililia nikiwa nimekwisha lala. Alikuwa binti yangu, anayeishi na mumewe na watoto katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Kule ilikuwa bado Jumamosi, jua halijatua. “Baba,” akasema, “kile kidaraja cha gati tulichopita na watoto mwaka jana kimevunjika. Watu wameanguka majini.” Watu 7 walifariki siku ile, siku ambayo walikuwa wamekwenda kufurahi na kuwakumbuka wazee waliotangulia. Nilikaa kitandani na simu mkononi, nikawaza juu ya wajukuu zangu waliokanyaga mahali pale pale.

Huenda msomaji akauliza, binti wa Kiislamu kutoka pwani yetu alifuata nini huko? Mahali penyewe ni kisiwa cha Sapelo, karibu na mji mdogo wa Darien. Hakina daraja la kukiunganisha na bara. Mtu hupanda feri, kama sisi tuendavyo Lamu. Kila mwaka, mwezi wa Oktoba, majani yanapopukutika kule na mvua za vuli zinapotarajiwa hapa kwetu, kijiji cha Hog Hammock hufanya siku ya utamaduni. Wazawa waliohamia mbali hurudi, watu husuka vikapu, hupika vyakula vya kale na kuimba nyimbo za mababu zao, Waafrika waliofikishwa pale utumwani. Waliobaki kisiwani ni wachache. Mwaka 2023 serikali ya kaunti iliruhusu nyumba kubwa zaidi kujengwa kijijini, na wenyewe wakaingiwa na hofu kwamba kodi ya ardhi itapanda na kuwaondoa. Hofu hiyo watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa.

Ni mimi niliyemtuma binti yangu huko, kwa sababu ya mtu mmoja aitwaye Bilali.

Bilali Muhammad alizaliwa Timbo, katika nchi ya Futa Jallon, ambayo leo ni sehemu ya Guinea. Alitekwa angali kijana, akapitishwa visiwa vya Bahamas, na mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa akafikishwa Sapelo, katika shamba la tajiri aliyeitwa Thomas Spalding. Kwa elimu na uaminifu wake akafanywa msimamizi wa watumwa wenzake. Husimuliwa kwamba Septemba 1824, tufani kubwa ilipopiga pwani ile, yeye ndiye aliyewaongoza watu kwenye majengo imara ya chokaa na makombe ya chaza, wakasalimika.

Lakini lililonifunga kwake ni kitabu. Bilali aliacha kurasa 13 alizoandika kwa mkono wake kwa herufi za Kiarabu. Waliozipata hawakuweza kuzisoma. Kwa miaka mingi walidhani ni shajara yake, au hesabu za shamba. Hatimaye mtaalamu mmoja akazipeleka Kano, Nigeria, kwa watu wanaoijua elimu hiyo, na mwaka 1940 ikatangazwa kuwa ni mafunzo ya fiqhi, yaliyotokana na Risala ya Ibn Abi Zayd wa Qayrawan: mambo ya udhu, adhana na swala. Leo kurasa hizo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Georgia. Wataalamu wanaona kwamba aliziandika kwa kumbukumbu ya yale aliyosoma utotoni, ndiyo maana zina makosa ya hapa na pale.

Mimi ni mtoto wa chuo. Nilianza na Safina nikiwa sijavunja ungo wa ujinga, nimeketi mkekani, ubao mapajani. Najua mlango wa udhu unavyokaa kifuani mwa mtoto aliyeukariri kabla hajaelewa. Nilipowaza juu ya mzee yule, mbali na kwao, hana mwalimu wala kitabu, akijaribu kurejesha karatasini somo la kwanza la utoto wake, macho yalinilenga machozi. Bila shaka alikuwa akiwaandikia watoto wake. Nao hawakuweza kumsoma.

Sasa tuwaangalie akina mama, kwani hadithi ya nyumba ile haiishi kwa mwanamume na kalamu yake.

Katika miaka ya 1930 walikuja wakusanyaji wa habari kisiwani, wakawahoji wazee. Mmoja aliwasimulia juu ya sherehe za mavuno za zamani, ambazo watu walikusanyika, wakapiga ngoma na kuzunguka duara. Mwingine, Bi Katie Brown, alikuwa kitukuu cha Bilali. Alieleza aliyoyapokea kwa wakubwa wake: kwamba Bilali na mkewe, Phoebe, walishika sana nyakati za kuomba, jua likichomoza, likiwa utosini na likizama, kwamba walikuwa na kimkeka cha kupigia magoti na tasbihi ndefu, mume akivuta punje na kutamka, mke akiitikia amina.

Kisha akamkumbuka bibi yake, Margaret, binti ya Bilali. Margaret hakufunga kitambaa kichwani kama wanawake wengine wa pale. Alijitanda nguo nyeupe, ikamwangukia mabegani. Na siku moja kila mwaka alirowesha mchele usiku kucha, asubuhi akautwanga kinuni, akautia asali au sukari, akaufinyanga kuwa vimkate bapa. Akawaita watoto wote, akamtia kila mmoja kimkate mkononi. Vimkate hivyo aliviita saraka.

Msomaji wangu, huhitaji mfasiri. Ni sadaka.

Bibi yangu mzaa mama alirowesha mchele kila Jumatano usiku. Alhamisi alfajiri tuliamshwa na mlio wa mchi, na tulipotoka chuoni tulikuta sinia la vitumbua limefunikwa kwa kawa, na kila mtoto wa mtaa alipata chake, aliyesoma na asiyesoma. Mchele ule ule, kinu kile kile, neno lile lile, na baina yetu bahari kubwa na bara zima la Afrika.

Lakini kuna jambo moja katika maneno ya Bi Katie lililonikosesha usingizi. Alikiri kwamba hakujua kwa nini bibi yake alijitanda vile. Alidhani labda hakupenda kubanwa kichwa. Katika vizazi vichache tu, nguo ilikumbukwa na sababu yake ikapotea. Siwalaumu. Walikuwa watumwa, na kufunza dini yao huenda kuliwagharimu. Lakini sisi tulio huru tuna udhuru gani?

Nasema “sisi” kwa kuwa nami nimo. Binti yangu huyu, alipokuwa na miaka minane au tisa, alipenda kuuliza. Kwa nini twaosha miguu nayo ni safi? Kwa nini nijifunike na kaka asijifunike? Nami, mwalimu wa watoto wa watu, nilimjibu, “Fanya ulivyoambiwa.” Nilidhani ninamlea katika adabu. Kumbe nilikuwa nikimpa kimkate bila jina lake.

Alipokwenda Sapelo na watoto, mjukuu wangu mkubwa alimwuliza njiani, “Mama, kwa nini yule bibi hakuwaambia?” Binti yangu alinisimulia hayo, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, “Baba, labda hata yeye alipouliza aliambiwa anyamaze.” Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi usiku ule wa simu, nikiwa nimechelewa zaidi ya miaka ishirini.

Tangu hapo kila Alhamisi binti yangu hurowesha mchele. Hana kinu, ana mashine ya umeme. Vitumbua vikiiva, watoto hupeleka sahani kwa majirani, na kabla ya kutoka mlangoni mmoja wao husema ni sadaka, na sadaka ni nini, na hutolewa kwa ajili ya nani. Nami hungoja simu yao. Wakiuliza kwa nini, najibu. Nisilolijua, nawaambia tukalitafute pamoja.

Akina mama, mikono yenu imeshika dini mahali ambapo vitabu vyetu vilishindwa kusomeka. Endeleeni kuwatia watoto kimkate mkononi, na mwambieni kila mmoja ni cha nini. Nasi akina baba, mtoto akiuliza, tukae kitako tumjibu.

Mwenyezi Mungu awape subira waliofiwa Sapelo, amrehemu Bilali na aila yake, na ajaalie watoto wetu waijue sababu ya wayatendayo. Amin.

Wabillahi tawfiq.