Ile Kali Zaidi

"Mjomba, zamani nyie mlikuwa mnapulizia dawa gani?"

Aliyeniuliza ni mtoto wa dada yangu, bomba liko mgongoni, anasubiri mtumbwi wa Kinesi pale mwaloni Mwigobero, Musoma. Nikamwambia tulikuwa tunapalilia. Akadhani sikumsikia vizuri, akarudia swali.

Simlaumu. Amezaliwa bomba lipo. Mimi nikisikia palizi nakumbuka duka la mzee mmoja, si mbali na soko, aliyeuza majembe na karibu hakuuza kingine. Ya UFI upande huu, ya ZZK Mbeya upande ule, mipini imesimamishwa pembeni kama kuni, na ndani harufu ya grisi na magunia ya katani ikipigana na harufu ya dagaa kutoka nje. Dawa yake ilikuwa moja tu, ya wadudu wa pamba, nayo aliiweka juu kabisa kwenye shelfu ambako mtoto hafiki. Ukichagua jembe alikunyang'anya, akaligonga kwa nondo, akasikiliza. Likilia vibaya alilirudisha bila maelezo.

Kisha maswali. Shamba liko wapi, Bunda au Butiama? Udongo mweusi au kichanga? Mwaka jana ulipanda nini? Ukimjibu mtama, na mwaka huu mtama tena, chenji huipati mpaka umsikilize. Kiduha kitakula mtama wako, weka pamba kwanza. Tulimwona msumbufu. Kumbe alisema kweli: mizizi ya pamba huziamsha mbegu za gugu hilo zilizolala ardhini, nazo zikishaota hazipati mmea wa kunyonya, zinakufa. Na dawa ya kupulizia majani ungeipeleka wapi, wakati kiduha kikichomoza juu kimekwisha kufanya uharibifu wake chini?

Palizi yenyewe haikuwa sherehe. Wengi wanaolisifia jembe leo hawajawahi kuinama tangu alfajiri kwenye mahindi ya mama yao. Ila mtu aliyeinama aliliona kila jani. Aliyajua ndago, kishona nguo na ulezi-mwitu tangu yakiwa na majani mawili, na kilichomponyoka palizi ya kwanza alikikuta kwenye ya pili.

Dawa ya majani ilifika lini? Dada yangu anasema ni mwaka ule ilipozama meli ya MV Bukoba, mimi nasema ni baadaye sana. Tuyaache. Mzee alikuwa ameshafariki, wanawe wakaingiza chupa. Vijana walikuwa wamekwenda kuchimba dhahabu Buhemba, wengine wakapanda bodaboda, watoto wako shule, nani angepalilia? Dawa iliokoa mashamba mengi, hilo nalikubali.

Lakini sasa hivi! Kijana anaingia dukani na neno moja: "Nipe ile kali zaidi." Anaonyeshwa chupa tano zenye majina matano, na akisoma maandishi madogo atakuta kiambato ni kilekile, glaifoseti. Anabadilisha jina akidhani amebadilisha dawa. Anapunguza kipimo ili chupa ifike mbali, anachota maji ya tope ukingoni mwa ziwa, na tope huishika glaifoseti isifanye kazi. Majani yasipokufa analaani: feki! Mara nyingine ni feki kweli. Mara nyingine ni hayo maji.

Na mara nyingine ni gugu lenyewe. Glaifoseti ilianza kuuzwa mwaka 1974. Mwaka 1996 Australia ikaripoti jani lililoishinda. Mwaka 1997 ikawa zamu ya Malaysia, na huko lilikuwa ulezi-mwitu, gugu hilihili la mashambani kwetu, ndugu wa ulezi wetu wa togwa. Dawa hailifundishi gugu ukaidi. Katika mamilioni ya mimea huenda mmoja umezaliwa na hitilafu ndogo inayoifanya dawa isiushike. Ukiwaua wenzake wote kwa dawa ileile, msimu baada ya msimu, unaubakizia shamba zima, nao una mbegu makumi ya maelfu.

Mzee wa majembe hakuwahi kuisikia glaifoseti, lakini maswali yake yangefaa kubandikwa kwenye kila duka la pembejeo Musoma. Mwaka jana ulipanda nini? Leo ningeongeza: na ulipulizia kiambato gani? Jibu likiwa lilelile misimu mitatu, badilisha zao, chukua dawa ya kundi lingine, au lirudishe jembe walau kwa palizi moja.

Nawe mpwa wangu, wiki tatu baada ya kupulizia pita shambani. Ukiona ulezi-mwitu mmoja uko kijani katikati ya wenzake waliokauka, usirudi dukani kutafuta kali zaidi. Ung'oe na mizizi yake kabla haujatoa mbegu, kisha mwite bwana shamba aone ulikosimama.