Mfalme Henry wa Tano Mwambaoni mwa Ziwa Nyasa

Mchezo wa Shakespeare uitwao Henry V, ulioandikwa yapata mwaka 1599, humlaki mwanafunzi kwa hotuba ndefu. Askofu Mkuu wa Canterbury asimama kueleza sheria za kurithi ufalme wa Ufaransa, na majina ya wafalme waliokufa yafuatana kama shanga katika uzi. Waalimu wengi huiruka hotuba hiyo, wakakimbilia vita vya Agincourt vya tarehe 25 Oktoba 1415. Lakini mwalimu wa Mbinga, au wa vijiji vya ziwani, akifanya hivyo atakuwa ametupa kiini akatafuna ganda.

Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mapatano yaliyopitisha mpaka kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Nyasa. Mvuvi wa Mbamba Bay hakuulizwa. Tangu mwaka 1967 Malawi imeshika maandishi yale, na Tanzania imesema kwamba mpaka u katikati ya maji. Basi kijana ambaye baba yake hutega nyavu ziwani hana haja ya kufafanuliwa kwamba karatasi kuukuu yaweza kudai maji aliyoyanywa babu yake.

Mwalimu na aulize hivi: Je, Askofu asema kweli, au asema limfaalo? Jibu li katika onyesho lililotangulia, ambamo maaskofu wahofia kunyang'anywa mashamba ya Kanisa, na vita vya Ufaransa vyawapa mlango wa kutokea. Hapo darasa litatambua kwamba hoja yaweza kujaa sheria na huku ikificha haja ya msemaji.

Usiku wa kuamkia vita, askari mmoja, Williams, amwambia mfalme aliyejigeuza sura kwamba, ikiwa vita si vya haki, mfalme atadaiwa miguu na mikono yote iliyokatwa. Mfalme ajibu kwa maneno mengi juu ya dhambi za kila askari. Kama vita ni vya haki, hasemi. Katika Agosti 1914, huko Liuli, iliyoitwa Sphinxhafen wakati huo, meli ya Waingereza Guendolen iliipiga kwa mzinga meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa pwani kutengenezwa. Manahodha wake walikuwa marafiki kabla ya hapo. Baadaye Waafrika maelfu kwa maelfu walitwishwa mizigo ya majeshi yale.

Yuko atakayesema kwamba Kiingereza cha Shakespeare ni kigumu. Ni kweli, lakini Julius Nyerere, alipoitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, alionyesha kwamba Kiswahili chaweza kuubeba mzigo huo. Onyesho la Williams na lielezwe kwanza kwa Kiswahili, ndipo lisomwe kwa Kiingereza.

Baada ya vita mfalme asoma hesabu ya Waingereza waliokufa. Wakubwa wanne watajwa kwa majina. Wengine ni 25 tu, wasio na jina. Mwalimu na aunyamazie mstari huo kidogo, ili darasa liwafikirie wapagazi.