Timu Isiyoalikwa

Msomaji wangu, huenda wewe ni mchezaji katika timu ya shule yako, au hukaa ukingoni ukiwashangilia wenzako. Nataka kukusimulia habari ya timu ya ng'ambo, nami ninayo sababu yangu ya kutoisahau.

Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha San Francisco, katika jimbo la California, Marekani, kilikuwa na timu ya mpira iliyocheza mara 9 na kushinda mara zote 9. Mpira huo si kama wetu. Umechongoka ncha mbili, hushikwa kwa mikono na kukimbizwa, na anayeukimbiza hukamatwa akabwagwa chini. Hata hivyo wenyewe huuita mpira wa miguu! Kwa nini miguu ikapewa sifa ya kazi ya mikono, sijapata kuelewa. Na tuliache hilo.

Mkufunzi wao alikuwa Joe Kuharich. Mkimbiaji wao mkuu, Ollie Matson, alikimbia na mpira yadi 1,566 msimu ule, na hapakuwa na mchezaji wa chuo chochote kikubwa nchini aliyemfikia. Burl Toler naye alikuwa ukuta katika ulinzi. Wawili hao walikuwa weusi. Wenzao walikuwa weupe.

Desturi ya huko ni kwamba msimu ukiisha timu zilizo bora hualikwa kwenye michezo mikubwa inayochezwa karibu na mwaka mpya. Mwaliko ni heshima, tena ni fedha, na chuo kile kilikuwa na haja kubwa ya fedha, kwa kuwa mpira ulikila zaidi ya ulivyokilisha. Lakini baadhi ya michezo hiyo ilifanyika katika miji ya kusini, ambako siku zile watu weusi walitengwa kwa sheria na kwa mazoea. Vijana wakaarifiwa kwamba mwaliko ungepatikana, iwapo wangekubali kwenda bila Matson na Toler.

Ebu jiweke mahali pao. Udhuru ulikuwa tele: sheria hawakuitunga wao, waliotakiwa kubaki walikuwa wawili tu, na nafasi kama ile haiji mara mbili. Wakakataa. Mwaliko haukuja, na baada ya msimu huo chuo kikaivunja timu.

Mwaka 1952 Matson alikwenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, akapata medali ya shaba katika mbio za mita 400, na ya fedha katika mbio za kupokezana kijiti. Toler aliumia goti mwaka huo huo, asiweze kuwa mchezaji wa kulipwa. Akawa mwalimu, kisha mwalimu mkuu, katika mji ule ule wa San Francisco. Na mwaka 1965 akawa mwamuzi wa kwanza mweusi katika ligi kuu ya mchezo huo.

Sasa sababu yangu. Nilipokuwa mwanafunzi, timu yetu ilipata nafasi ya kwenda kushindana katika mji mwingine. Kila mchezaji alitakiwa kulipa nauli. Mlinda mlango wetu hakuwa nayo, kwa kuwa mwaka ule mvua ilikuwa imewanyima wazazi wake mavuno. Tulikuwa 15, na tungalichanga senti chache kila mmoja, angalikwenda. Hakuna aliyelitaja jambo hilo, wala mimi. Tulisema tu kwamba ni bahati mbaya, nami nikawekwa langoni badala yake.

Alfajiri, lori lilipokuwa likinguruma, alikuja mbio akanipa viatu vyake, maana vyangu vilikuwa vimetoboka. Tukashinda, tukarudi na kikombe.

Jumatatu nilimrudishia viatu, nimevisafisha na kuvipaka dawa hata vikang'aa. Alivipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kama vilinitosha.