Taharuki ya Maine, Taharuki ya Kariakoo

Huku Marekani ninakoishi, mwanamke aliyefariki miaka mia mbili iliyopita anaweza kukukosesha usingizi. Martha Ballard alikuwa mkunga wa Hallowell, Maine. Kuanzia 1785 hadi 1812 aliandika shajara, mistari michache kwa siku: hali ya hewa, nani kajifungua, nani anadaiwa. Alizalisha zaidi ya mara 800, na alitoa ushahidi katika kesi ya jaji aliyetuhumiwa kubaka. Mwanahistoria Laurel Thatcher Ulrich aliichambua shajara hiyo katika A Midwife's Tale, akapata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1991. Mwaka 2023 Ariel Lawhon akatoa riwaya ya taharuki iliyotokana na maisha ya Martha, The Frozen River: maiti imenaswa kwenye barafu ya mto, na mkunga anaitwa kuikagua.

Sasa twende Kariakoo, Dar es Salaam. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1926, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba. TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kilipomkabidhi kazi ya kuhamasisha akina mama mwaka 1955, alipitia vikundi vya ngoma, na katika miezi michache maelfu wakachukua kadi za chama. Miongoni mwao walikuwamo wauza vitumbua, wapika pombe na wenye nyumba za kupangisha, baadhi wameachika na hawana mume wa kumwomba ruhusa. Baada ya uhuru akawa naibu waziri. Mwaka 1969 akakamatwa, mwaka uliofuata akapanda kizimbani kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha akasamehewa mwaka 1972. Mtunzi wa taharuki anataka nini tena?

Hata mandhari ipo tayari. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua mmoja kwa wapangaji wote. Jaribu kuficha kadi ya chama humo, na jirani anajua hata umepika nini.

Lakini mashujaa wetu maarufu wa taharuki ni wapelelezi Bwana Msa, Willy Gamba na Joram Kiango, wanaume watupu. Adam Shafi alionyesha njia katika Vuta n'Kuvute (1999): Yasmin anamkimbia mume mzee na kuingia katika harakati za kupinga ukoloni Zanzibar. Kuhusu akina mama wa TANU, kitabu kinachotajwa zaidi ni cha Mmarekani Susan Geiger, cha mwaka 1997, tena kwa Kiingereza. Alikipata kwa njia rahisi: aliwakalisha, akawauliza, akawarekodi.

Bibi zetu wengi hawakuacha shajara; shajara yao ni mazungumzo, na Kariakoo ya nyumba za chini inazidi kugeuka maghorofa. Kwa hiyo ukienda kumsalimia bibi, mpe shikamoo yake, mwombe ruhusa, uwashe simu. Muulize alipanga mtaa gani, kadi aliificha wapi, alimwogopa nani. Andika tarehe na majina. Mtunzi anaweza kuja hata miaka hamsini baadaye, lakini sauti isiporekodiwa sasa hatapata pa kuanzia.